Goti Bovu, Uani Mdogo: Nichague Kata Gani ya Karate?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Ngamiani, Tanga, nina miaka 36 na nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi. Nimefika mkanda wa kahawia wa Shotokan, mtindo wetu wa karate. Sensei (mwalimu) wetu kaniambia nichague kata moja, yaani ule mfululizo wa miondoko ya karate unaoufanya peke yako, niifanye yangu, ndiyo nitakayoingia nayo kwenye mtihani wa mkanda mweusi mwakani. Moyo wangu uko kwenye Unsu, nimeitazama kwenye simu mpaka nimeikariri. Wenzangu wananicheka, eti mtu wa kilo 92 mwenye goti la kushoto lililoumia kwenye mpira ataruka vipi. Mmoja ananishauri Hangetsu kwa kuwa haina kuruka, mwingine Bassai Dai kwa kuwa kila mtu anaifanya. Nyumbani nina uani wa nyumba ya kupanga, sakafu ya saruji. Nichague ipi? Na nikikaa na kata moja muda mrefu, sitabaki nyuma?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: chukua Jion iwe kata yako ya mtihani, na Tekki Shodan iwe ya nyumbani. Hangetsu iache, hata kama aliyekushauri alikutakia mema. Bassai Dai si mbaya, nitaigusa. Unsu nimeiweka mwisho kwa sababu najua ndiyo uliyoijia.

Tuanze na goti. Hukusema kilichoumia ni nini, kano au gegedu, wala kama lilitibiwa. Kabla hujaamua lolote nenda hospitali ya Bombo likaangaliwe, na umweleze daktari waziwazi kwamba unafanya karate: unakaa chini kwenye misimamo mirefu, unapiga teke huku umesimama kwa mguu mmoja, unageuka ghafla ukiwa peku. Usimwambie tu "nafanya mazoezi", atadhani unakimbia asubuhi. Akikuwekea mpaka wa kukunja goti, mpaka huo unatushinda wote, mimi na sensei wako.

Sasa Hangetsu. Mwenzako ameona hakuna kuruka akadhani ni kata ya wagonjwa. Atazame tena miguu. Ule msimamo wake unageuza nyayo kwa ndani na kuyabana magoti yaelekeane, halafu sehemu nzima ya mwanzo unakwenda polepole, mwili umekazwa, pumzi inasikika. Goti linapenda kwenda kule vidole vinakoelekea. Ukilibana kwa ndani, ukalipa kilo 92, na wayo umeganda kwenye saruji, hapo unaliuliza swali ambalo goti lako limeshalijibu vibaya uwanjani. Mruko ungeliumiza kwa dakika moja, Hangetsu italiumiza kidogokidogo na wala hutajua ilianza lini.

Watu wengi wanaochagua kata huuliza ipi nzuri, ipi ngumu, ipi inapata alama. Mimi naona swali la maana ni jingine: ugumu wake umekaa wapi, na je, ugumu huo naweza kukutana nao kila siku, kwa mwili huu nilio nao, mahali hapa ninapoishi? Kata unayoipenda ni ile unayokubali kuirudia, na huwezi kurudia kitu ambacho sehemu yake ngumu inakusubiri Jumamosi kwenye dojo, ukumbi wa mazoezi.

Chukua Empi. Ina miondoko 37, inapanda na kushuka, wepesi wake ndio uzuri wake, na karibu na mwisho kuna mruko wa kugeuka hewani. Ukiondoa ule wepesi hakuna kinachobaki. Kanku Dai ina miondoko 65, inataka uwanja, inakushusha hadi chini viganja vikielekea sakafuni, kisha mwishoni inakutaka upige teke mbili hewani wakati umeshaishiwa pumzi. Uani wako wenye ndoo, karai na jiko la mkaa hautoshi hata nusu yake. Bassai Dai ndiyo iliyonifanya nifikirie mara mbili. Miondoko 42, haina mruko wa kukutisha, ina nguvu, mtu mwenye mwili wako anaipendeza. Lakini ugumu wa Bassai uko kiunoni, katika kubadilisha mkono mmoja kwenda mwingine bila kuhamisha miguu, na mtu anayebeba mifuko ya saruji kutwa ana tabia moja ninayoijua: akitafuta nguvu, anaitafuta mabegani. Utaifanya Bassai kwa mabega, itaonekana kali, wenzako watapiga makofi, na mtahini atakuandikia alama ndogo. Isitoshe watahiniwa wengi huja nayo. Jicho la mtahini limeshaizoea kiasi kwamba linaona kasoro kabla wewe hujaifikia.

Utasikia pia nadharia ya maumbo. Funakoshi Gichin, aliyetoka Okinawa mwaka 1922 akaipeleka karate Tokyo, alizigawa kata mafungu mawili: Shorei, zinazojenga mwili na nguvu, zinazowafaa wenye miili mikubwa, na Shorin, za wepesi na kasi. Jion, Jitte, Hangetsu na Tekki aliziweka fungu la kwanza. Bassai, Kanku, Empi na Gankaku zikaingia la pili. Mgawanyo huo ungekuleta karibu na jibu langu, ila ungekupa na Hangetsu bila kukuuliza habari za goti. Ndiyo maana siutegemei peke yake. Nimewaona watu wanene waliokuwa wepesi wa miguu kuliko vijana wembamba, na nimewaona warefu walioambiwa wachukue Gankaku, kata ya kusimama kwa mguu mmoja, kisa tu miguu yao mirefu. Wakayumba mwaka mzima.

Haya, Jion. Wengi wanaidharau. Wanaiita Heian (zile kata tano za wanaoanza) iliyorefushwa, na si uongo mtupu: ndani yake kuna kukinga juu, kupiga ngumi ya kusonga, ngumi ya mkono wa nyuma, teke la mbele, mambo uliyofundishwa ukiwa mkanda mweupe. Miondoko 47, kiai (ukelele wa nguvu) mbili. Hakuna mahali pa kujificha. Unsu ikikushinda, mtazamaji anakusamehe kwa sababu ameona umejaribu kitu kigumu. Jion ikikushinda, kila aliye ukumbini anajua umeshindwa nini, hata mtoto wa mkanda wa njano. Kwa mtihani wa mkanda mweusi hilo ni jambo jema, maana mtahini anachotafuta kwako ni kama misingi imekaa.

Inaanza umesimama miguu pamoja, ngumi ya kulia imefunikwa na kiganja cha kushoto mbele ya kidevu. Jitte na Jiin nazo huanza hivyo hivyo. Kisha mguu wa kushoto unarudi nyuma na mikono miwili inafunguka kwa pamoja, mmoja unakinga katikati na mwingine chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu mapema: mguu unafika, halafu mikono inakuja baadaye kama inayokumbushwa. Kaa na mwondoko huo mmoja wiki nzima. Kisigino cha nyuma kitue wakati uleule mikono inaposimama. Kwa mtu mzito, mwondoko wa kurudi nyuma ni mzuri sana kuanza nao, kwa sababu unakulazimisha kuumiliki uzito wako badala ya kuutupa mbele.

Baada ya hapo unakwenda pembeni, nyuzi 45 kushoto, mikono inapanda ikiwa imepishana na kutengana, teke la mguu wa kulia, kisha ngumi tatu. Angalia: unapopiga teke hili umesimama kwa mguu wa kushoto, goti lenye matatizo. Usilinyooshe hadi likafunga. Liache limekunjika kidogo, likitazama vidole, na mguu uliopiga uurudishe kwanza kabla ya kuushusha. Wanaouangusha mguu palepale ulipofika hutua kwa kishindo, na kishindo chote hupanda gotini. Upande wa pili, kulia, unapiga kwa kushoto na kutua kwa kushoto, kwa hiyo tatizo linabadilika sura: sasa ni kutua. Tua kwa upole kwanza, nguvu itakuja baadaye kwenye ngumi.

Sehemu ya kati kuna hatua tatu za kusonga mbele katika msimamo wa kupanda farasi, kila hatua na pigo la kiganja. Mwili unageuka nusu mzunguko kila unaposonga. Ukiwa peku kwenye saruji kavu, wayo unang'ang'ania sakafu na goti ndilo linalolipa. Kanuni yangu kwa wote wenye magoti mabovu: punguza uzito mguuni, geuza wayo, goti lifuate, ndipo uketi. Usizungushe kiwiliwili juu ya mguu uliokwama. Na karibu na mwisho kuna kukanyaga kwa nguvu mara tatu. Kwenye dojo lenye mbao au mkeka, kanyaga. Nyumbani, inua goti vizuri halafu uweke mguu chini bila sauti. Kukanyaga saruji kwa kishindo hakukufunzi chochote, zaidi ya kuwaamsha wapangaji.

Usiibakize kata hewani. Mtafute mwenzako mmoja akukabe kola kwa mikono yote miwili, asikuonee huruma, halafu ufanye ule mwondoko wa mikono kupanda na kutengana. Mara ya kwanza utakuta viwiko vyako viko nje mno na huwezi kumfungua. Vilete ndani, shusha mabega, pandisha mikono katikati ya mikono yake kabla ya kuitenga, na uone. Teke linalofuata litakupa maana papo hapo, maana yeye bado kakukaribia. Mtu aliyeshikwa kola mara ishirini hufanya sehemu hiyo tofauti mbele ya mtahini, na tofauti hiyo huonekana.

Tekki Shodan nimekupa kwa sababu ya nyumba yako. Nyumba zetu za Kiswahili zina ukumbi unaokwenda kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku. Tekki inakwenda upande tu, kushoto na kulia juu ya mstari mmoja, miondoko 29, haihitaji upana zaidi ya mwili wako na mikono. Inafanyika ukumbini saa nne usiku, bila kiai, na anayekwenda msalani atakupita akikushangaa. Tena msimamo wake wote ni ule wa kupanda farasi, uleule wa zile hatua tatu za Jion. Magoti yanasukumwa nje, kinyume kabisa na Hangetsu. Anza juu, usikae chini sana, na kila wiki ukiona goti halikulalamika asubuhi yake, shuka kidogo. Mahali pa kuwa mwangalifu ni pale unapouinua wayo kwa haraka kuelekea paja la pili na kuurudisha. Kwa muda unabaki na mguu mmoja uliokunjika. Ukiinua wa kulia, jiandae.

Umeuliza kama utabaki nyuma. Funakoshi mwenyewe alieleza kwamba Itosu, mwalimu wake, alimkalisha karibu miaka kumi kwenye kata tatu za Tekki. Motobu Choki, Mwokinawa aliyeogopwa kwa mapigano, jina lake halitenganishwi na Naihanchi, ambayo ndiyo Tekki kwa jina lake la zamani. Shule za Shotokan zinazofuata JKA, chama cha karate cha Japani, huhesabu kata 26, na wapo vijana wanaozijua zote kwa kukariri lakini ukiwashika mkono hawana la kufanya. Ila usinielewe vibaya: kata moja ya kuimiliki haikuondolei Heian tano. Mtahini anaweza kukuita yoyote kati ya hizo, na wengi huanguka kwenye Heian waliyoisahau, si kwenye kata waliyoichagua. Zipitie kila wiki, bila kuzifanyia sherehe.

Na umri usiutaje. Sandra Sánchez wa Hispania alichukua dhahabu ya kata kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, akiwa na miaka 39.

Namna ya kufanya mazoezi uani kwako: kamba ya kuanikia nguo ishushe mpaka iguse unywele wako ukiwa umekaa kwenye msimamo wa mbele, zenkutsu, kwa kimo cha kweli. Kisha songa chini yake, hatua tatu kwenda, tatu kurudi. Ukiisukuma kamba kwa kichwa, unapanda katikati ya hatua, na hilo ndilo kosa nililoliona kwa watahiniwa wengi wa kahawia kuliko kosa jingine lolote. Simu iweke juu ya kigoda, kimo cha kiuno, ijirekodi ikiwa mbele yako mara moja na ubavuni mara moja. Ukiirekodi kutoka juu, kila msimamo unaonekana mrefu na utajidanganya.

Kwa siku, kata nzima usiirudie zaidi ya mara tatu: moja polepole bila nguvu, moja kwa nguvu zote, moja ya kutulia. Muda uliobaki ukate vipande. Leo mwanzo mpaka ngumi tatu za upande wa pili, kesho hatua tatu za viganja. Badilisha na unakoelekea. Aliyezoea kuanza akitazama ukuta wa jikoni hupotea njia siku ya mtihani akisimamishwa akitazama dirisha. Anza siku moja ukielekea baharini, siku nyingine ukielekea stesheni, na ukimaliza angalia kama umerudi pale ulipoanzia. Jion inatakiwa ikurudishe.

Mwisho wa wiki nenda ufukweni Raskazone maji yakipwa. Usifanye kwenye mchanga mkavu, unazama na unalipinda goti. Tafuta ule mbichi, mgumu, ulioachwa na maji sasa hivi. Fanya kipande kimoja tu, kisha toka pembeni uzisome nyayo zako. Kwenye zenkutsu nyayo mbili zikiwa kwenye mstari mmoja, ndiyo maana unayumba ukipiga teke: zinatakiwa zipishane kwa upana wa nyonga. Wayo wa nyuma ukionekana umegeukia nje sana, kiuno chako hakifiki mbele. Mahali mchanga umechimbika, hapo ulizungusha mguu ukiwa na uzito juu yake. Hakuna sensei atakayekuonyesha hayo waziwazi kiasi hicho, na ni bure. Watoto watakusanyika kukutazama, wazoee, mtihani nao una watu.

Ramadhani ikikukuta katikati ya maandalizi, kabla ya kufuturu fanya ya polepole tu, ya kukumbuka njia. Nguvu iweke baada ya tarawehe. Tanga kwa joto lake, mtu aliyefunga akifanya kata kwa nguvu zote saa kumi na moja jioni anajitafutia kizunguzungu.

Sasa Unsu. Kwanza muulize sensei kama inaruhusiwa. Katika shule nyingi za Shotokan mtahiniwa wa dani ya kwanza, yaani mkanda mweusi wa kwanza, huchagua ndani ya orodha fupi, kwa kawaida Bassai Dai, Kanku Dai, Jion, Empi na wakati mwingine Hangetsu, na Unsu haimo. Huenda ubishi wote na wenzako ulikuwa wa bure. Pili, ugumu wake umekaa kwenye mruko mmoja wa mzunguko mzima unaoishia chini kwenye mikono na mguu, na mruko huo uani kwako, juu ya saruji, kwa goti hilo, sikuruhusu hata mara moja. Huwezi kuumiliki ugumu ambao huruhusiwi kuukaribia.

Lakini usiitupe. Mapigo yake ya kidole kimoja mwanzoni, yale mateke ya kulala chini pande mbili, mageuko ya viganja, hayo yote jifunze. Mateke ya chini yafanyie kwenye mkeka, ukitangulia kwa mikono na paja, si kwa goti. Ukifika kwenye mruko, geuka kwa miguu miwili sakafuni, shuka taratibu, endelea. Ifanye Ijumaa ukimaliza Jion, iwe ya raha yako. Na sensei akikukuta ukiifanya, mwambie wazi kwamba ya mtihani ni Jion, asije akakuandikisha kwa nyingine.